Kuzima Jeni ni Rahisi, Kazi Ipo Kwenye Kufika

Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya kilimo ya Burundi, ISABU, pamoja na wenzao wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, walitoa taarifa kwamba ugonjwa wa michirizi kahawia umeingia nchini. Wakulima wengi wa muhogo walikuwa hawajasahau hasara waliyoipata kwa batobato miaka michache nyuma. Sasa uliwafikia ugonjwa wenye hila zaidi. Batobato huonekana mapema, maana majani hujikunja na kupauka. Michirizi kahawia inaweza kuacha shamba likiwa la kijani na la kupendeza, mkulima akasubiri mwaka mzima, kisha siku ya kung'oa akakuta mizizi imeoza ndani, haifai kuliwa wala kupelekwa sokoni. Kwa familia ya Muyinga au ya vilima vya Ryansoro, mkoani Gitega, hasara hiyo ni ya chakula cha nyumbani kabla ya kuwa ya fedha.

Njia ambayo wanasayansi wameitumia kuukabili ugonjwa huo wa muhogo ndiyo hiyohiyo ambayo wengine wamekuwa wakiijaribu dhidi ya saratani kwa zaidi ya miaka 20. Inaitwa kunyamazisha jeni, na silaha yake ni vipande vifupi vya RNA. Muhogo umeitikia. Saratani, kwa sehemu kubwa, bado. Vitabu vingi huianza historia hii Marekani, lakini mimi naianzia huku kwetu, maana mambo mawili makubwa yanayoifanya ieleweke yalionekana kwanza Usambara na Kampala.

Amani na Mulago, 1936–1967

Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Waingereza walipoichukua Tanganyika wakaendelea nacho. Hapo ndipo H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea, alipouandika mwaka 1936 ugonjwa wa muhogo uliokuwa tofauti na batobato. Huo ndio michirizi kahawia. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nchi za chini, na watu wa bara hawakuuhofia. Mwaka 2004 ukazuka Uganda, kwenye mwinuko ambao watu walidhani hauwezi kuufikia, na kutoka hapo ukaenea katika nchi za Maziwa Makuu.

Hadithi ya pili ni ya hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell wodini kumwangalia mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa ameona jambo kama hilo. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ileile usoni na tumboni. Akaanza kupekua mafaili ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu saratani ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Kisha akafanya kazi ambayo maabara isingeifanya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri takriban maili 10,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama imewahi kuona watoto wa namna hiyo. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Karibu na Ikweta, ukivuka mwinuko wa takriban mita 1,500, ulikuwa nadra. Sehemu kubwa ya nyanda za kati za Burundi iko juu ya mstari huo. Ramani hiyo ilifanana sana na ramani ya malaria, na mfanano huo haukuwa wa bahati.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti kijana aliyeondoka ukumbini akiamini kwamba nyuma ya saratani hii kuna kirusi. Wakapatana kwamba Burkitt awe akimpelekea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Entebbe. Kwa karibu miaka mitatu vipande vilifika na hakuna kilichopatikana. Desemba 1963 ukungu uliifunika London, ndege ikageuziwa Manchester, na kipande kikafika maabara kimechelewa, maji yake yamechafuka. Mtu mwenye haraka angedhani kimeingiwa na bakteria akakitupa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona kwamba uchafu ule ni seli hai za uvimbe zilizojitenga na kuelea. Kutokana na seli hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong waliotesha seli zaidi, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani.

Mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani. Ndicho kilichokua kuwa Uganda Cancer Institute. John Ziegler alikiongoza mwanzoni, na baadaye Charles Olweny. Dawa za sumu za wakati ule, kama saiklofosfamaidi, ziliweza kuyeyusha uvimbe wa taya ndani ya siku chache. Lakini sumu hiyo haichagui. Inaua seli zote zinazogawanyika haraka, za nywele, za tumbo na za damu. Hapo ndipo ilipozaliwa hamu ya dawa itakayoigusa saratani peke yake.

Mwaka 1982 ikajulikana sababu ya ndani. Katika limfoma ya Burkitt kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuhamia mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC hujikuta mahali ambapo haipumziki. MYC huamuru seli igawanyike. Ikibaki wazi usiku na mchana, seli inakuwa uvimbe. Swali likawa jepesi kulitamka: je, jeni hiyo inaweza kuzimwa?

Maua meupe na minyoo, 1990–2001

Jibu halikutoka hospitali, lilitoka bustanini. Mwaka 1990 Carolyn Napoli, Richard Jorgensen na wenzao huko California walitaka petunia zenye rangi ya zambarau iliyokolea zaidi. Wakaongeza nakala ya jeni ya rangi. Walitegemea zambarau juu ya zambarau, wakapata maua yenye mabaka meupe na mengine meupe kabisa. Nakala iliyoongezwa ilikuwa imejizima yenyewe pamoja na ile ya asili. Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilibaki kuwa kioja cha wataalamu wa mimea.

Maelezo ya kweli yalikuja Februari 1998. Andrew Fire na Craig Mello, wakifanya kazi na mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja, walionyesha kwamba kinachozima jeni ni RNA yenye nyuzi mbili. Waliwachoma minyoo RNA ya nyuzi mbili inayolingana na jeni ya misuli, nao wakaanza kutetemeka sawasawa na minyoo wasio na jeni hiyo kabisa. Uzi mmoja peke yake haukufanya kitu cha maana. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2006, miaka minane tu baada ya kuchapishwa, na kwa kawaida ya Nobel hiyo ni haraka sana.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Maagizo ya jeni hunakiliwa kwenye RNA pelekaji, na RNA hiyo husomwa ili protini itengenezwe. Seli ikikuta RNA ya nyuzi mbili, huishuku. Kimeng'enya kiitwacho Dicer huikatakata vipande vya herufi 21 hivi. Uzi mmoja wa kila kipande huchukuliwa na protini iitwayo Argonaute, ambayo huutumia kutafuta RNA pelekaji yoyote yenye herufi zinazolingana, kisha huikata. Jeni ipo, haijaguswa, lakini agizo lake halifiki. Mimea hutumia kinga hii dhidi ya virusi. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe, Uingereza, walivionyesha vipande hivyo vifupi ndani ya mimea.

Kizuizi kilikuwa kwa wanyama wa jamii yetu. Seli ya binadamu ikipewa RNA ndefu ya nyuzi mbili hudhani imevamiwa na kirusi, huwasha kengele zote na mara nyingi hujiua. Mwaka 2001 Sayda Elbashir, Thomas Tuschl na wenzao huko Göttingen, Ujerumani, walikwepa kengele hizo kwa kuvitengeneza vipande vya herufi 21 moja kwa moja na kuvitia kwenye seli za binadamu. Jeni ikazimika, seli zikanyamaza. Vipande hivyo vikaitwa siRNA.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2002 Ming Jiang na Jo Milner wa Chuo Kikuu cha York walizima jeni za kirusi cha HPV ndani ya seli za saratani ya mlango wa kizazi, na seli hizo zikafa. Mwaka 2004 kundi la Tuschl, pamoja na Sébastien Pfeffer, lilitafuta RNA fupi katika seli za limfoma ya Burkitt zilizoambukizwa kirusi cha Epstein-Barr, likakuta kwamba kirusi chenyewe kina RNA zake ndogo za kunyamazisha. Zilikuwa za kwanza kuonekana katika kirusi chochote. Ugonjwa ambao Burkitt aliuona kwenye taya la mtoto Mulago ukawa umebeba ndani yake silaha ambayo wanasayansi walikuwa wameanza tu kuitambua.

Fedha nyingi, safari fupi, 2002–2010

Kwenye sahani ya maabara, siRNA ni rahisi. Unaidondosha pamoja na mafuta kidogo, seli inaimeza. Ndani ya mwili wa mtu kila kitu kinaipinga. Vimeng'enya vya damu huikatakata kwa dakika chache. Figo huichuja upesi kwa kuwa ni ndogo. Utando wa seli una chaji hasi, na RNA nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Na hata ikimezwa, hufungiwa kwenye kifuko ndani ya seli, ikawa mgeni aliyekaribishwa barazani huku mlango wa ndani umefungwa kwa komeo. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata katika chembe za mafuta zilizo bora, ni siRNA 1 hadi 2 katika kila 100 zinazotoka kwenye kifuko hicho na kufika mahali pa kazi.

Wenye fedha hawakuyatazama sana hayo. Kampuni ya Alnylam ilianzishwa mwaka 2002. Mwaka 2006 kampuni ya Merck ilikubali kuinunua kampuni ya Sirna kwa takriban dola bilioni 1.1. Majaribio ya kwanza kwa watu yalianzia jichoni, kwa sababu jicho ni chumba kilichofungwa na dawa inaweza kuchomwa mlemle. Mwaka 2008 kundi la Jayakrishna Ambati likaonyesha kwamba baadhi ya siRNA hizo za macho hazikuwa zikizima jeni yoyote. Zilikuwa zikiamsha kinga ya mwili kutoka nje ya seli, na kinga hiyo ndiyo iliyozuia mishipa kukua. Hata siRNA isiyolenga jeni yoyote ilileta matokeo yaleyale. Novemba 2010 kampuni ya Roche ikafunga kazi zake zote za siRNA. Merck ilishikilia hadi 2014, ikaiuzia Alnylam mali ya Sirna kwa takriban dola milioni 175.

Kuna jambo hapa ambalo huwa halitajwi katika hadithi hii, nami nalitaja makusudi. Mwaka uleule wa 2006, Merck ilipata kibali cha Marekani kwa chanjo ya HPV, Gardasil. Kampuni moja, mwaka mmoja, ilishika njia mbili za kupambana na saratani. Moja ilikuwa ya kifahari na ikaanguka. Nyingine ilikuwa chanjo ya kawaida, na mwaka 2011 Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka wa Burundi, ikaanza kuwachanja wasichana wa shule nchi nzima.

Pasadena, 2008–2012

Mtu aliyelishika swali la kufikisha kwa uzito wake alikuwa mhandisi wa kemikali, Mark Davis wa chuo cha Caltech, Pasadena. Katika miaka ya 1990 mkewe aliugua saratani ya matiti, na mateso ya dawa za sumu ndiyo yaliyomgeuza Davis kutoka kazi yake ya awali. Akatengeneza chembe nano kwa polima yenye saiklodekstrini, aina ya sukari yenye umbo la pete. Upana wake ulikuwa takriban nanometa 70. Ndani alifungia siRNA dhidi ya jeni ya RRM2, ambayo seli huihitaji ili kunakili DNA. Nje aliweka protini ya transferini, ambayo husafirisha chuma katika damu, kwa sababu seli za saratani zina njaa ya chuma na huwa na vipokezi vingi vya protini hiyo.

Mei 2008 mgonjwa wa kwanza akapewa dawa hiyo kwa dripu. Mwaka 2010 Davis na wenzake wakachapisha walichokiona katika vipande vya uvimbe vya wagonjwa watatu wa saratani ya ngozi. Chembe zilionekana ndani ya uvimbe. Waliopata dozi kubwa walikuwa na chembe nyingi zaidi. Na katika mgonjwa mmoja RNA pelekaji ya RRM2 ilikutwa imekatwa mahali palepale ambapo Argonaute ingeikata. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba jeni inaweza kuzimwa ndani ya saratani ya mtu kwa dawa iliyopitia kwenye damu. Jaribio lilisimama mwaka 2012 likiwa limehusisha wagonjwa 24. Baadhi yao walipata madhara yaliyoilazimisha dozi kuwekewa mipaka, na saratani zao hazikupona.

Wakati huohuo Alnylam ilijaribu chembe za mafuta zenye siRNA mbili dhidi ya jeni za VEGF na KSP. Kati ya wagonjwa 41, mmoja mwenye saratani ya mfuko wa uzazi iliyofika kwenye ini alipona uvimbe wote wa ini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mtu mmoja kati ya 41 hatoshi kuipa dawa kibali, ila aliwaonyesha watafiti mahali pa kutazama, na mahali penyewe ni ini.

Jeni ya Burkitt yawindwa, 2014–2016

Mwaka 2014 kampuni ya Dicerna ya Marekani iliingiza kwenye majaribio dawa ya DCR-MYC. Ilikuwa RNA ya nyuzi mbili, ndani ya chembe za mafuta, iliyolenga MYC yenyewe, jeni ile ya limfoma ya Burkitt ambayo pia huchangia saratani nyingi nyingine. Dawa za kawaida zimeshindwa kuishika protini ya MYC kwa kuwa haina tundu la kuingia. Kwa RNA umbo la protini si hoja, maana agizo hukatwa kabla protini haijatengenezwa. Kama kuna saratani ambayo ingestahili kushindwa kwa njia hii, ni hii.

Septemba 2016 Dicerna ikaisimamisha. Jeni haikuzimwa kwa kiasi kilichotarajiwa. Mwezi huohuo kampuni nyingine, Mirna Therapeutics, ikasimamisha dawa yake ya MRX34, iliyobeba RNA ndogo ya asili ndani ya chembe za mafuta. Kinga ya baadhi ya wagonjwa ililipuka, na wagonjwa wanne wakafa kwa sababu hiyo. Mwaka huohuo wa 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi kuhusu chembe nano na uvimbe, nyingi zikiwa za panya, likapiga hesabu. Katika dozi inayochomwa, wastani wa kati uliofika kwenye uvimbe ulikuwa asilimia 0.7. Kinachobaki huliwa na ini, wengu na seli za ulinzi. Kwa maoni yangu namba hiyo moja inaeleza kushindwa kwa miaka hiyo kuliko ripoti zote za kampuni.

Muhogo haukuhitaji mjumbe

Turudi shambani, maana hapa ndipo tofauti inapoonekana. Katika miaka ileile ambayo saratani ilikuwa ikiwashinda watafiti, mradi wa VIRCA uliziunganisha taasisi ya mimea ya Danforth ya Marekani, kituo cha utafiti cha Namulonge cha Uganda na shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, KALRO. Walichofanya ni kutia ndani ya muhogo vipande vya jeni za virusi vya michirizi kahawia, vimepangwa ili mmea utengeneze RNA ya nyuzi mbili. Dicer ya muhogo inaikata, Argonaute ya muhogo inashika vipande, na kirusi kikiingia kinakuta kinasubiriwa. Katika mashamba ya majaribio Uganda na Kenya, mizizi ilibaki mizuri. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo huo, unaoitwa 4046, kutolewa kwenye mazingira. Kesi na mabishano kuhusu mazao ya jeni vimeuchelewesha kufika kwa wakulima, lakini hilo ni la siasa na sheria. Kibayolojia, unafanya kazi.

Kwa nini mmea ukubali na uvimbe ukatae? Kwa sababu kila seli ya muhogo huo inajitengenezea RNA yake. Hakuna dripu, hakuna damu ya kuvuka, hakuna figo wala ini la kukwepa. Na ukikata kipande cha shina ukampa jirani, dawa imekwenda naye. Seli ya saratani ndani ya mtu mzima hailimwi upya kutoka kwenye kipande. Lazima ifuatwe ilipo.

Ini lafungua mlango, 2018–2023

Waliokubali kwamba chembe zao zinakwenda kwenye ini, wakaacha kushindana nalo, ndio waliofaulu. Pieter Cullis na wenzake huko Vancouver walikuwa wameboresha mafuta yanayobadilisha chaji. Kwenye damu hayana chaji, ndani ya kifuko cha seli chenye asidi yanakuwa na chaji chanya na kukipasua. Yakiwa kwenye damu hujipaka protini iitwayo ApoE, na ini huipokea ApoE kwa kawaida. Agosti 2018 Marekani iliidhinisha patisiran, dawa ya kwanza ya siRNA duniani, kwa ugonjwa wa kurithi ambapo ini hutengeneza protini mbovu inayoharibu neva. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 450,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Kisha watafiti wakagundua kwamba hata chembe hazihitajiki kwa ini. Ukiiambatisha siRNA na sukari iitwayo GalNAc, seli za ini huivuta zenyewe. Givosiran ilifuata mwaka 2019, na inclisiran ya lehemu ikaidhinishwa Ulaya mwishoni mwa 2020.

Mafuta yaleyale, yakiwa yameboreshwa, ndiyo yaliyobeba RNA ya chanjo za Uviko mwaka 2020. Katalin Karikó na Drew Weissman walikuwa wameonyesha mwaka 2005 jinsi ya kuibadilisha RNA kidogo ili kengele za kinga zisilie, na wakapata Nobel mwaka 2023. Burundi ilianza kuchanja Oktoba 2021 kwa chanjo ya Sinopharm, ambayo haina RNA. Lakini neno RNA lilishafika kila soko na kila redio, mara nyingi likiwa limebebwa na uvumi.

RNA inayojibeba yenyewe

Njia nyingine ilikuwa ikijengwa pembeni kwa subira. Mwaka 1987 Peixuan Guo, akiwa mwanafunzi wa uzamivu huko Minnesota, alichapisha ugunduzi kwamba phi29, kirusi kinachoshambulia bakteria, hutumia RNA ndogo kuingizia DNA yake ndani ya ganda. Mwaka 1998 akaonyesha kwamba RNA hizo sita hushikana na kufanya pete. Akajiuliza kwa nini mzigo ubebwe na mafuta au plastiki ikiwa RNA yenyewe inaweza kujikunja ikawa chombo. Mwaka 2011 kundi lake lilichapisha muundo wa makutano ya njia tatu uliotokana na RNA ya phi29. Hausambaratiki hata ukizimuliwa sana, na kila mkono wake unaweza kubeba kitu chake. Mkono mmoja unabeba siRNA, wa pili unabeba folati au kipande cha RNA kinachotambua seli ya saratani, wa tatu unabeba rangi ya kuonea. Herufi zake hubadilishwa kwa florini ili vimeng'enya vya damu visiiume.

Guo sasa yuko Chuo Kikuu cha Ohio State. Katika panya, chembe hizo zimeonekana zikikusanyika kwenye uvimbe na kukaa kidogo sana kwenye ini, labda kwa sababu ni ndogo, ni laini na zina chaji hasi. Matokeo yaliyochapishwa ni ya panya kwa sehemu kubwa, na historia niliyokwisha kuisimulia inatosha kumfanya mtu asishangilie panya mapema. Hata hivyo, mtazamo wa Guo umeligusa tatizo lenyewe, la kufika. Wengine wametumia mbinu tofauti. Nchini Israel ilijaribiwa njia ya kupandikiza siRNA dhidi ya jeni ya KRAS moja kwa moja ndani ya uvimbe wa kongosho kwa wagonjwa 15, matokeo yakatoka 2015. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walieleza jinsi chembe za dhahabu zilizovikwa RNA zilivyoingia kwenye uvimbe wa ubongo wa wagonjwa waliopewa kwa dripu kabla ya upasuaji.

Kutoka Ryansoro

Mgonjwa wa saratani wa Ryansoro ana tatizo la kufika lenye sura nyingine. Kwa miaka mingi Mrundi aliyehitaji mionzi amelazimika kuvuka mpaka. Mashine ya mionzi ya Mulago iliharibika mwaka 2016, na Uganda nzima ikakaa bila mionzi hadi mpya ilipoanza kazi mwishoni mwa 2017. Kigali ilianza kutoa mionzi kwenye hospitali ya jeshi ya Kanombe mwaka 2019. Nauli, malazi, mtu wa kumsindikiza mgonjwa na mazao yanayoachwa shambani vinaingia kwenye hesabu kabla dawa haijaandikwa.

Kama siRNA itawahi kumfaa mgonjwa huyo, nadhani itaanzia kwenye ini. Saratani ya ini katika ukanda wetu husababishwa mara nyingi na homa ya ini B na sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, na ini ndilo kiungo pekee ambacho chembe hizi zimejifunza kukifikia bila kupotea njia. Hiyo ni tathmini yangu, na haiko karibu.

Chanjo ya homa ya ini B ipo na inazuia saratani hiyo. Chanjo ya HPV ipo na inazuia ile ya mlango wa kizazi. Dawa ya siRNA dhidi ya saratani, hadi mwisho wa 2024, Marekani ilikuwa haijaidhinisha hata moja, kwa hiyo anayekuuzia leo chupa ya kuzima jeni za kansa, sokoni au kwenye simu, anakuibia. Mwenye kutokwa na damu isivyo kawaida, uvimbe usiopungua au mtoto aliyevimba taya asimsubiri Guo wala Alnylam. Aende kituo cha afya wiki hii.